Mzee wa mafaili Morogoro: nilimlipa laki tatu na nusu anipangie uzoefu wa kampuni yangu

Mwaka jana nilikosa zabuni tatu mfululizo. Taarifa ya tatu ya kusudio la kutoa tuzo, yaani ile inayowaambia wazabuni nani anakusudiwa kupewa kazi, niliisoma kwenye simu nikiwa nimesimama juu ya kalavati niliyoijenga mwenyewe, huku bodaboda zinapita. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ileile ya mara mbili zilizotangulia: mzabuni hakuthibitisha uzoefu wa kazi zinazofanana. Niliinama nikatazama maji yanavyopita chini, safi kabisa, hata tope halijakwama mdomoni mwa kalavati, na nikaumia kweli. Kazi ipo, na inabeba malori ya miwa. Lakini kwenye karatasi haikuonekana.

Nina kampuni ya ukandarasi yenye miaka tisa, iliyosajiliwa daraja la sita, kazi za barabara, makao yake Morogoro mjini. Tunajenga vitu ambavyo watu wanavikanyaga bila kuviangalia: makalavati, mitaro, barabara za changarawe, kuta za mawe za kuzuia mmomonyoko. Vijana kumi na wanne wanakula kwa kazi hizo, kwa hiyo zabuni tatu zikipotea kwa sababu ya makaratasi, siwezi kuliita hilo jambo dogo.

Aliyenielekeza kwa huyu mzee ni mkandarasi mwenzangu. Ni mkadiriaji majenzi mstaafu ambaye ameketi kwenye kamati za tathmini kwa miaka mingi, na sasa ana chumba kimoja cha kupanga chenye meza mbili, rafu ya mafaili ya boksi na feni inayolia. Hana kibao mlangoni. Jina lake silitaji kwa kuwa wateja wanamfikia kwa kuelekezana, na ndivyo anavyotaka. Ninachokisifu hapa ni kazi aliyonifanyia. Kasoro zake nazo nitazisema.

Kwanza niseme nilikotoka. Zile zabuni mbili za mwanzo niliandaliwa na kijana wa steshenari fulani kwa shilingi elfu hamsini. Aliniambia, "Mama, nipe vyeti tu, mengine niachie." Nikamwachia. Niliposhtuka na kulifungua faili baada ya kukosa, ukurasa wa nne wa orodha ya kazi ulikuwa na daraja ambalo sijawahi kuliona maishani. Alikuwa amenakili orodha ya kampuni nyingine akasahau kufuta. Nilikaa chini. Taarifa za uongo kwenye zabuni ya umma zinaweza kukufungia milango. PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ina uwezo wa kumfungia mzabuni asishiriki ununuzi wa umma kabisa. Sikuwa nimedanganya kwa nia, lakini mwenye kampuni ni mimi, na tamko la ukweli wa taarifa lilikwenda kwa jina langu. Tangu siku ile hakuna ukurasa unaotoka ofisini kwangu kabla sijausoma kwa macho yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa mzee na begi limejaa: mikataba, vyeti, barua za kushukuriwa, picha. Nikamwamkia, akaitikia, akalisogeza begi pembeni bila kulifungua.

"Hayo baadaye. Nyaraka za zabuni unayoitaka ziko wapi?"

Nilikuwa nazo kwenye simu tu. Akanituma nikazichape. Niliporudi akanipa kalamu nyekundu, akaniambia nisome kigezo cha uzoefu kwa sauti, taratibu. Kilisema hivi, kwa Kiswahili changu: mzabuni awe amefanya kandarasi zisizopungua mbili, za asili na ugumu unaofanana na kazi hii, ndani ya miaka mitano iliyopita, kila moja yenye thamani isiyopungua shilingi milioni 180, kama mkandarasi mkuu, mshiriki wa ubia au mkandarasi msaidizi, na ziwe zimekamilika walau kwa asilimia 80.

"Hapo kuna maswali sita, mwanangu," akasema. "Ngapi? Za aina gani? Lini? Thamani gani? Ulikuwa nani kwenye kazi? Umemaliza? Anayetathmini ana karatasi yenye hayo maswali sita mkononi. Akifungua faili lako anatafuta majibu sita. Hatafuti sifa zako."

Nilikuwa na orodha ya kazi kumi na saba niliyokuwa nikiibandika kwenye kila zabuni, nikiamini wingi wake unatisha. Akaanza kukata. Kazi za mwaka 2018 zikatoka, maana miaka mitano inahesabiwa na haina huruma. Uzio wa zahanati ukatoka. Halafu akafika kwenye madarasa manne na ofisi ya walimu, kazi ninayoipenda kuliko zote kwa kuwa mwanangu wa mwisho alisoma pale. Niliiweka ya kwanza siku zote, na picha kubwa.

"Hii ni nzuri sana," akasema, "lakini zabuni ni ya barabara ya changarawe na makalavati. Ukiiweka ya kwanza, msomaji anafungua ukurasa anakuta paa la bati. Anajiuliza huyu ni mtu wa barabara au wa majengo?" Akaihamishia mwisho kabisa, mstari mmoja, kwenye kazi nyinginezo. Nilibisha kidogo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na hakuirudisha.

Zikabaki kazi nne. Nne tu kati ya kumi na saba, na kila moja ikapewa ukurasa wake.

Hapa ndipo thamani ya pesa yangu ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa. Kwenye orodha yangu ya zamani, kazi ya pili ilikuwa imeandikwa: "Ujenzi wa barabara na makalavati, Mvomero, 2022." Basi. Mzee aliiandika upya mbele yangu kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, akifungua mkataba kila baada ya neno. Jina la kazi neno kwa neno kama lilivyo kwenye mkataba, hata pale jina lenyewe lilipokuwa refu na baya. Namba ya mkataba. Mwajiri, na cheo cha msimamizi wa mradi kwa upande wake. Thamani ya mkataba, na pembeni yake thamani ya mwisho baada ya mabadiliko, milioni 212. Nafasi yetu: mkandarasi mkuu. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza kwa mujibu wa mkataba, tarehe tuliyomaliza kweli. Kisha kilichofanyika kwa vipimo: kilomita 6.4 za changarawe, boksi kalavati mbili, makalavati ya bomba kumi na manne ya kipenyo cha milimita 900, mitaro ya mawe mita 380. Vipimo vyote alivitoa kwenye hati ya mwisho ya malipo. Nilipomtajia kimoja kwa kichwa alitikisa kichwa na kunionyesha karatasi.

Chini yake akachora jedwali dogo la safu mbili. Kushoto: zabuni hii inataka. Kulia: kazi ile ilikuwa na. Changarawe kilomita 5, tulifanya 6.4. Bomba za milimita 900, tulifanya zilezile. Boksi kalavati moja, tulijenga mbili. Mwisho akaandika hati inayothibitisha kila mstari ipo kiambatisho kipi, ukurasa wa ngapi. Nililitazama jedwali lile kwa muda mrefu. Miaka tisa nimekuwa nikiwaachia watu wa kamati kazi ya kutafuta ufanano wenyewe, wakati mimi ndiye niliyeujua.

Kazi ya tatu ilikuwa ya ubia. Tulijenga na kampuni nyingine kubwa, mkataba wa shilingi milioni 610, na mimi siku zote niliandika 610 bila wasiwasi. Mzee akaomba makubaliano ya ubia. Hisa yetu ilikuwa asilimia 40.

"Yako ni milioni 244," akasema. "Hizo nyingine ni za mwenzako, na yeye naye atazidai kwenye zabuni zake."

Niliona uzoefu wangu unayeyuka. Kumbe 244 bado inavuka ile 180 iliyotakiwa. Nilikuwa najaza tarakimu inayoweza kuniletea tuhuma wakati ya kweli inatosha na inabaki.

Kazi ya nne ndiyo iliyotugombanisha. Mkataba ulikuwa wa siku 120, tukamaliza siku ya 163. Masika ya mwaka ule yalikata njia ya kwenda machimbo ya changarawe, na nilipewa barua ya kuongezewa siku 30. Siku 13 zilizobaki ni zangu: shindilia, ule mtambo wa kushindilia barabara, liliharibika pampu, nikasubiri kipuri badala ya kukodi jingine siku ileile, na nikakatwa fidia ya ucheleweshaji. Nilitaka tuandike tarehe ya mwisho tu, tunyamaze.

"Cheti chako cha kumaliza kazi kina tarehe," akasema. "Mkataba una tarehe. Mtu anatoa moja kwa nyingine anapata siku 43. Asipokuta maelezo atajaza yake."

Akaandika mistari mitano, mikavu, bila kulalamika. Siku 30 ziliongezwa kwa barua namba fulani kwa sababu ya mvua. Siku 13 zilitokana na kuharibika kwa mtambo. Fidia ilikatwa kwenye hati ya mwisho ya malipo. Tangu hapo kampuni ina makubaliano ya maandishi ya kukodi shindilia la akiba kabla ya kila kazi kuanza. Akaniuliza kama makubaliano hayo ninayo kweli. Ninayo, na mwenye mtambo yuko Kihonda. "Basi ambatanisha." Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuandika kosa la kampuni yangu na kulipeleka kwa mtu ninayemwomba kazi.

Kuhusu barua za kusifiwa, nilikuwa nazo tisa. Nane zilisema kampuni ni nzuri na inafaa kupewa ushirikiano. Hizo akazirudisha kwenye begi. Aliibakiza moja tu, ambayo mhandisi alikuwa ameandika kwamba barabara imepitika misimu miwili ya masika baada ya kukabidhiwa, na kwamba kasoro mbili zilizoonekana ndani ya kipindi cha matazamio zilirekebishwa ndani ya siku saba baada ya kuarifiwa. Barua hiyo ilikuwa fupi kuliko zote na muhuri wake umefifia. Mzee aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika picha ya harusi.

Mwenye subira ndogo ajiandae kwa hatua inayofuata, kwa sababu mzee hakufuatilii nyaraka. Anakuambia kinachopungua, unakwenda mwenyewe. Cheti changu kimoja hakikuwa na namba ya mkataba, na jina la kampuni lilikosewa herufi moja. Mimi nilikiona cha kawaida. Yeye alisema hakiambatani na mkataba wowote mpaka kirekebishwe. Nilikwenda kwenye ofisi ya halmashauri moja mara tatu. Mhandisi aliyenisimamia alikuwa amehamishwa, faili likawa halionekani, na mara ya pili nilikalishwa benchi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba. Mara ya tatu dada mmoja wa masjala aliinuka mwenyewe, akapekua, akalipata chini ya mafaili ya mradi wa maji. Mungu ambariki. Nauli na chakula vilinitoka kama elfu tisini juu ya malipo ya mzee, nawe uziweke kwenye hesabu zako.

Siku moja nikiwa pale aliingia kijana mwenye kampuni ya mwaka mmoja, akaomba atengenezewe uzoefu. Alisema atalipa mara mbili. Mzee hakumkaripia. Alimwomba akae, akampa maji, akamweleza kwamba sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, akamtuma akaulize ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu kusajili kikundi. Kisha akamwambia atafute mkandarasi mkubwa amfanyie kazi kwa mkataba wa maandishi kama mkandarasi msaidizi, na adai barua siku kazi inapoisha, wakati mhandisi bado anaikumbuka sura yake. Kijana aliondoka bila kulipa chochote. Nilimpenda mzee zaidi kwa dakika zile ishirini kuliko kwa faili langu lote.

Sasa kasoro. Mzee ni mtu wa karatasi. Anakupa faili safi, lakini kazi ya kuingiza kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, haifanyi na haitaki kuijua. Tangu mfumo huo uanze mwaka 2023 hatupeleki tena maboksi yaliyofungwa kwa nta, kila kitu kinapanda mtandaoni, na taarifa unazojaza lazima zifanane na kiambatisho mpaka nukta. Binti yangu ndiye aliyejaza, na alikuta tarehe mbili kwenye kurasa za mzee zimepishana na vyeti kwa siku moja moja. Kwa mtu anayehubiri usahihi kiasi kile, hilo halikunifurahisha, na nilimwambia. Alikubali, akarekebisha, hakutoza. Picha zangu alizichapa nyeusi na nyeupe, ikabidi nichape upya za rangi kwingine. Moja ina fundi wangu mkuu amesimama ndani ya boksi kalavati, kofia yake haigusi dari, na ukubwa wa kazi unaonekana bila maelezo. Mzee ni wa polepole mno pia. Alichukua siku kumi na moja, na zabuni ilifungwa siku ya kumi na tatu. Ukienda wiki ya mwisho atakukatalia.

Tena anajua ujenzi tu. Rafiki yangu anayepika chakula kwa ajili ya mikutano ya taasisi za serikali alikwenda, akarudishwa mlangoni kwa upole. Mambo ya hesabu za mwaka, mitambo na wasifu wa wataalamu nayo hayagusi. Hayo utatafuta mtu mwingine.

Matokeo niyaseme kama yalivyo. Zabuni ile sikuipata. Lakini safari hii taarifa ya kusudio haikutaja uzoefu hata kwa neno. Tulivuka tathmini ya sifa na ya kiufundi, tukashindwa kwa bei, tukizidiwa kama milioni tisa na kampuni ambayo kazi zake nazifahamu na ni nzuri. Zile siku 13 hakuna aliyeniuliza. Nilimpigia fundi mkuu kumwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mama, wameiona kazi." Nilishindwa kumjibu mara moja.

Miezi miwili baadaye nilitumia kurasa zilezile nne kwa zabuni nyingine ya mitaro na makalavati. Nilibadilisha safu ya kushoto ya jedwali peke yangu, kwa kusoma kigezo kwa sauti na kalamu nyekundu kama nilivyofundishwa. Ile tumeipata, na tuko saiti tangu mwezi uliopita.

Laki tatu na nusu ni pesa nyingi kwa daraja la sita, na ningeona ni ghali kama angeniandalia faili nikaondoka. Lakini nilikaa naye, aliniachia kila karatasi ya rasimu yenye mwandiko wake, na sasa kila kazi tunayoanza ina bahasha yake ofisini tangu siku ya kukabidhiwa eneo: mkataba, barua za muda, hati za malipo, picha zenye tarehe. Kwa hilo nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano naizuia kwa zile tarehe mbili na picha.

Ukitaka kwenda, uliza wakandarasi wa Morogoro mjini, watakuelekeza. Beba mkataba halisi, si nakala kivuli, na hati ya mwisho ya malipo ya kila kazi, kwa maana ndiyo anayoianza. Chapa nyaraka za zabuni kabla hujafika. Jumamosi hafungui, na akishaondoka kwenda kuswali magharibi hapokei simu.